Intaneti ya nyumbani imekata? Soma taa za ruta kabla ya kumwita fundi

Kila mtandao unaposumbua mkoani kwetu, simu za studio huanza kuita kabla hatujamaliza taarifa ya habari. Msikilizaji wa kwanza anasema intaneti imekata. Wa pili anasema imekata. Wa tatu vilevile. Tukiwauliza swali moja moja tunakuta kwamba wa kwanza umeme ulikatika usiku na ruta haijawaka tena, wa pili malipo yake ya mwezi yaliisha jana, na wa tatu intaneti yake ni nzima kabisa, isipokuwa simu imejiunga yenyewe na waifai ya jirani ambayo haina huduma.

Makala haya ni kwa ajili ya nyumba zenye intaneti ya waya, hasa faiba, ambayo sasa inaingia hata kwenye mitaa ambayo miaka michache iliyopita ilitegemea bando la simu tu. Tunaandika kwa sababu kukosea kutambua tatizo ni gharama, na sisi wenyewe tumeshailipa.

Mwenzetu mmoja hapa kituoni huandaa kipindi cha Jumamosi akiwa nyumbani kwake. Wiki moja sauti yake ilianza kukatikakatika, kisha ikapotea kabisa katikati ya mahojiano na mzazi aliyekuwa anaeleza jinsi ya kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Wasikilizaji walibaki wanasubiri jibu ambalo halikuja. Tukachangishana, tukanunua ruta mpya. Haikusaidia. Fundi wa mtaani akaja, akabadilisha nywila, akachukua nauli yake akaondoka. Siku ya nne dada wa kazi akasema kabati la vyombo lilisogezwa wiki ile ile ili kupisha kochi. Nyuma ya kabati, waya mwembamba wa faiba ulikuwa umebanwa ukutani hadi umekunjika. Tulisogeza kabati kwa upana wa kiganja, mtandao ukarudi. Taa nyekundu ilikuwa imewaka siku zote nne na hakuna aliyeiangalia.

Kwa hiyo tuanze na taa.

Kisanduku kinakuambia nini

Nyumba yenye faiba huwa na kisanduku kidogo cheupe au cheusi, ambacho huingiwa na waya mwembamba wenye kichwa cha kijani. Wengi hukiita ruta, na mara nyingi kweli ruta imo humo humo. Kazi yake ya kwanza ni kupokea mwanga unaosafiri ndani ya uzi wa kioo na kuugeuza kuwa umeme ambao kompyuta inauelewa. Uzi wenyewe pamoja na ganda lake la kioo una unene wa mikroni 125 tu, kama unywele mnene. Ndiyo maana kabati la vyombo linaweza kuushinda.

Mbele ya kisanduku kuna taa zenye majina mafupi. Majina hutofautiana kidogo kati ya kampuni na kampuni, lakini tatu utazikuta karibu kila mahali: POWER, PON na LOS.

POWER ikiwa imezimika, usihangaike na kitu kingine. Angalia swichi ya ukutani, angalia kitufe cha kuwashia nyuma ya kisanduku (watoto hukipenda), kisha angalia adapta. Adapta za ruta huchoka. Dalili yake ni kisanduku kujizima na kujiwasha chenyewe mara kadhaa kwa siku, hasa umeme unapokuwa mdogo jioni. Ukinunua nyingine, soma maandishi ya ile ya zamani: volti lazima zilingane kabisa, kwa kawaida ni 12, na ampea ziwe sawa au zaidi. Adapta ya volti tofauti kwa sababu tu kichwa chake kinaingia ni njia ya haraka ya kuua kisanduku ambacho mara nyingi ni mali ya mtoa huduma.

LOS ikiwaka nyekundu, hasa ikimweka, maana yake kisanduku hakioni mwanga. PON nayo itakuwa imezimika. Hapa kuzima na kuwasha hakutasaidia, kubadilisha nywila hakutasaidia, kununua ruta hakutasaidia. Fuata waya kwa macho kuanzia kwenye kisanduku hadi unapotokea ukutani. Tafuta mahali umebanwa na mlango, kabati au mguu wa kitanda. Tafuta palipokunjwa kwa kona kali. Waya huu unataka kupinda polepole, mzingo usiwe mdogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai. Tafuta alama za meno, kwa maana panya hawajui tofauti ya faiba na kamba ya katani. Kisha hakikisha kile kichwa cha kijani kimeingia hadi kimelia. Kama kimelegea, kisukume taratibu.

Usichungulie ndani ya ncha ya waya uliochomoka ili uone kama mwanga upo. Mwanga wa faiba hauonekani kwa macho ya binadamu, kwa hiyo huwezi kuuona hata ukiwapo, na jicho si kifaa cha kupimia. Usifute ncha hiyo kwa kidole au kwa pindo la kanga pia. Chembe moja ya vumbi au mafuta ya ngozi inatosha kuzuia njia, na mafundi hubeba vifaa maalumu vya kusafishia.

Kama ndani kote ni salama na LOS bado ni nyekundu, muulize jirani anayetumia mtoa huduma yuleyule. Swali hili lina thamani kuliko watu wanavyodhani. Uzi mmoja unaotoka kwa mtoa huduma hugawanywa kwenye boksi la mtaani, mara nyingi kwa nyumba 32 au 64. Jirani naye akiwa na taa nyekundu, uzi umekatika huko nje: lori limevuta waya, nguzo imeanguka, au mtu amechimba mtaro wa maji bila kuuliza. Jirani akiwa salama, tatizo liko kati ya boksi la mtaani na chumba chako. Mweleze hivyo mtu wa huduma kwa wateja na utakuwa umemwokolea fundi safari nzima ya kukisia.

Kuna hali ya tatu ambayo huwachanganya wengi. LOS imezimika, lakini PON inamwekamweka haitulii. Mwanga unafika, ila mitambo ya mtoa huduma haijakitambua kisanduku chako. Zima, subiri nusu dakika, washa, kisha kaa mbali nacho kwa dakika 5. Kama PON bado inamweka baada ya hapo, ni kazi yao. Hili hutokea sana kwa watu walionunua kisanduku sokoni au kuazima cha ndugu. Kila kisanduku kina namba yake ya usajili, na chako lazima kiandikishwe kwa mtoa huduma.

Kitundu kidogo ambacho hatutaki ukiguse

Kuzima na kuwasha ni jambo moja. Kubonyeza RESET ni jambo jingine kabisa. Nyuma au chini ya kisanduku kuna kitundu kinachoingia ncha ya sindano, na ukikibonyeza kwa sekunde kadhaa taa zote huzimika na kuwaka upya. Wakati huo umefuta kila alichopanga fundi siku ya kwanza: jina la waifai, nywila, na mara nyingi pia jina la akaunti linalokutambulisha kwa mtoa huduma. Ulikuwa na intaneti inayosuasua, sasa huna kabisa, na ofisi zao hufunguliwa Jumatatu.

Tumepokea simu za namna hii kutoka kwa watu wazima wenye busara zao, wakisema video ya mtandaoni iliwaambia wabonyeze. Video hizo nyingi zimetengenezwa nchi nyingine, kwa ruta ambazo hazihitaji akaunti. Kama mtu wa huduma kwa wateja hajakuambia kwa mdomo wake ubonyeze, achana nacho.

Taa zote ni za kijani na bado hakuna kitu

Kwanza malipo. Wengine mtandao hukatwa kimya kimya bila ujumbe, na simu huendelea kuonyesha alama ya waifai kana kwamba hakuna kilichotokea. Alama ile inamaanisha tu kwamba simu yako na ruta wanazungumza. Haisemi chochote kuhusu ruta na dunia ya nje.

Malipo yakiwa sawa, tafuta waya wa mtandao, ule wenye kichwa cha plastiki chenye pini 8, na uunganishe kompyuta moja kwa moja na kisanduku. Kama huna kompyuta, kaa na simu mita 2 kutoka kwenye kisanduku. Intaneti ikienda vizuri hapo na kugoma chumbani, faiba yako haina kosa. Shida ni waifai, na kwa maoni yetu nusu ya malalamiko yote ya mtandao wa nyumbani huishia hapa.

Ruta nyingi za sasa hurusha mawimbi ya aina mbili. Yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta, lakini ni ya polepole na yamejaa watu: kila jirani yuko humo, pamoja na maikrowevu ya jikoni. Yale ya gigahezi 5 ni ya kasi, ila ukuta mmoja wa zege huyachosha na wa pili huyazima. Basi mtu aliyeweka ruta sebuleni nyuma ya televisheni, ndani ya kabati la kioo, karibu na friji, halafu analala chumba cha mwisho, asimlaumu mtoa huduma. Itoe ruta kabatini. Iweke juu, kwenye rafu au dirisha la ndani, karibu na katikati ya nyumba. Ndoo za maji, matangi, vioo vikubwa na mabati vyote hunyonya au kurudisha mawimbi nyuma. Katika nyumba ya vyumba vinne ya tofali za saruji, ruta moja mara nyingi haitoshi, na dawa ni kuvuta waya hadi upande wa pili na kuweka kifaa cha kurushia huko. Vile vidude vya kuchomeka kwenye soketi vinavyodaiwa kuongeza waifai hupokea mawimbi yaliyokwisha kuchoka na kuyarusha tena yakiwa hivyohivyo, hasa mtu akivichomeka kule kule ambako mtandao haufiki.

Halafu hesabu vifaa. Fungua ukurasa wa ruta kwa kuandika namba iliyobandikwa chini yake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.100.1, uone waliojiunga. Simu 5, televisheni 2, kamera za getini zinazopeleka picha usiku na mchana, na mpangaji aliyehama mwezi uliopita lakini bado anakaa kwenye baraza la jirani. Badilisha nywila. Ni kazi ya dakika 3, ingawa utachukiwa na vijana wa nyumbani hadi uwape mpya.

Hapa tuseme neno kuhusu kasi, kwa sababu watu huhisi wameibiwa. Kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde hakipakui megabaiti 20 kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo kiwango cha juu kabisa ni megabaiti 2 na nusu. Ukipima kwa waya na ukapata megabiti 18 au 19, umepata ulicholipia. Ukipima kwa simu ukiwa chooni ukapata 4, umeipima nyumba yako.

Kuna ugonjwa mmoja wenye dalili ya ajabu: WhatsApp inafanya kazi lakini tovuti hazifunguki, au baadhi hufunguka na nyingine hapana. Tovuti hutafutwa kwa jina, na jina lazima ligeuzwe kuwa namba kwa msaada wa kompyuta maalumu inayoitwa DNS. Hiyo ikilala, majina hayapatikani. Andika 1.1.1.1 pale unapoandika anwani ya tovuti. Ukurasa ukifunguka huku majina ya kawaida yakigoma, umempata mchawi. Nenda kwenye mipangilio ya waifai ya simu au kompyuta, sehemu ya DNS, uweke 1.1.1.1 au 8.8.8.8. Zote mbili ni za bure.

Kama bado una waya wa simu wa shaba

Ziko nyumba na ofisi ambazo faiba haijafika na intaneti hupitia waya wa simu. Kwenye redio waya huo una historia yake. Kabla ya faiba, vituo vingi duniani vilitangaza mpira na mikutano kwa laini za ISDN, zenye njia mbili za kilobiti 64 kila moja, jumla 128. Leo ni kidogo kuliko inavyohitaji picha moja ya harusi, lakini sauti ilipita safi. Wakubwa wetu wa kazi husema jambo la kwanza walilofundishwa ni kuinua simu na kusikiliza waya.

Bado linafanya kazi. Inua simu ya mezani. Ukisikia mkwaruzo kama wa kukaanga vitumbua, shaba ina maji au kutu kwenye kiungo fulani, na ndiyo maana intaneti hufa mvua inaponyesha na kufufuka jua likiwaka. Kimya bila mlio wowote, waya umekatika. Mlio safi lakini intaneti hakuna, chomoa simu zote na mashine ya faksi, kisha unganisha modemu peke yake kwenye soketi ya kwanza kabisa, pale waya unapoingilia nyumbani. Ikikubali hapo, mkosaji ni nyaya za ndani au kile kichujio kidogo kinachotenganisha sauti na intaneti, na kichujio ni rahisi kubadilisha.

Shaba hubeba radi hadi ndani. Wingu likianza kunguruma, chomoa waya wa simu na wa umeme pia. Kioo cha faiba hakipitishi umeme, lakini waya unaotoka nguzoni mara nyingi una uzi wa chuma wa kuushikilia, na adapta bado imechomekwa ukutani. Nayo ichomoe.

Pale ambapo si kosa la mtu yeyote mtaani

Jumapili tarehe 12 Mei 2024 studio ilipokea malalamiko kutoka wilaya zote, kwa watoa huduma wote, waya na simu za mkononi pamoja. Taa zilikuwa za kijani nyumba nzima. Siku hiyo mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikuwa imekatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Miezi michache nyuma, Februari, Seacom ilikuwa imekatika pia kwenye Bahari ya Shamu. Mikongo hii, ambayo Seacom ilikuwa ya kwanza kutua Dar es Salaam mwaka 2009, ndiyo hubeba sehemu kubwa ya mawasiliano yetu na nje.

Dalili yake ni kwamba kila mtu analia kwa wakati mmoja, na huduma zinazohifadhiwa hapa nchini hufunguka wakati za nje zinakwama. Ukiona hivyo, weka simu chini. Hakuna unachoweza kurekebisha, na kila anayejaribu kupakua video huongeza foleni kwenye njia nyembamba iliyobaki. Kama una maombi ya chuo au zabuni yenye tarehe ya mwisho, tuma maandishi peke yake kwanza, viambatanisho vikubwa baadaye usiku.

Unapopiga simu huduma kwa wateja

Usiseme imekata. Sema: taa ya LOS ni nyekundu tangu saa 2 asubuhi, waya wa ndani nimeukagua, jirani yangu anayo. Au: taa zote ni za kijani, nimepima kwa waya napata megabiti 3 badala ya 20, tangu juzi, mchana na usiku. Mtu wa upande wa pili ana karatasi ya maswali mbele yake, na umeshamjibu yote. Anaweza pia kusoma nguvu ya mwanga unaoingia kwako bila kutoka kitini. Mwulize ni ngapi. Kwa faiba nyingi za nyumbani, namba nzuri iko kati ya hasi 8 na hasi 27. Ikiwa hasi 26 au 27, mtandao utaanguka kila kitu kidogo kikibadilika, hata kama leo unafanya kazi, na una haki ya kuomba fundi.

Omba namba ya malalamiko na uiandike kwenye daftari pamoja na saa na jina ulilotajiwa. Bila namba hiyo, kila simu unayopiga ni ya kwanza. Ukizungushwa bila majibu, namba hizo na tarehe zake ndizo utakazopeleka TCRA, kwa walio Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano, ambao hupokea malalamiko ya wateja waliokwisha kulalamika kwanza kwa mtoa huduma.

Kwa mwenzetu wa kipindi cha Jumamosi, ruta tuliyonunua bila sababu ipo kabatini studio. Tulimnunulia pia betri ndogo ya ruta ya volti 12, na hiyo hatuijutii. Boksi la kugawia faiba mtaani halitumii umeme, na mitambo ya mtoa huduma huwa na betri au jenereta zake, kwa hiyo umeme unapokatika nyumbani kinachozimika kwanza ni kisanduku chako mwenyewe. Betri yake hudumu saa 3 hivi, na kipindi chake ni cha saa 2.